Loko Elema na Vichanja Vyake Kumi na Viwili

Mchungaji, wazee, jamaa na majirani wa Haro Gello, anayewasomea ni Godana, mdogo wake marehemu, mumvumilie sauti maana amechoka, na karatasi hii ameiandika vidole vikiwa bado vinanata maji ya kahawa.

Marehemu Loko Elema alizaliwa tarehe 3 Machi 1965 hapa hapa Haro Gello, katika milima hii ya Guji, mtoto wa pili wa mzee Elema Boru, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1973 hadi darasa la nne, akaacha mama yetu alipougua, na tangu hapo kazi yake ikawa moja, kuanika kahawa ya maganda juu ya vichanja vya miti, tunda zima kama lilivyochumwa, bila kumenywa wala kuoshwa, kuigeuza kwa mkono kila saa, kuifunika isipigwe na jua la saa sita wala umande wa jioni, kwa wiki tatu, maana ukiisahau mchana mmoja inaota ukungu na mwaka umekwenda na maji.

Tarehe 17 Februari 1984 aliolewa na Jilo Waqo, wakajaliwa watoto wanne, Darmi, Boru, Tume, na Halake aliyetangulia akiwa mchanga.

Jilo alifariki tarehe 14 Desemba 2003, kahawa ikiwa na siku ya tano vichanjani, na desturi yetu mnaijua, wafiwa hukaa mkekani siku tatu hawashiki kazi, ila Loko siku ya pili saa sita mchana aliinuka mbele ya watu, akaenda kugeuza vichanja vyote kumi na viwili. Jirani yake Shunu Gelchu akamfuata hadi uani, akamwambia, "Udongo wa mumeo haujakauka, wewe unabembeleza kahawa?"

Loko akajibu bila kuinua kichwa, "Mume nimeshamzika, mwenzangu. Na hii nayo nikiizika, wanangu watakula nini?"

Watoto walikula na wakasoma, lakini tusidanganyane mbele ya jeneza, tangu siku ile mlimwita mjane wa vichanja, na kila asubuhi alipoita majirani kunywa kahawa, kama tunavyoitana sote, birika lilipoa hajaja mtu, miaka ishirini, na hilo lilimuuma kuliko ujane wenyewe.

Mwaka 2016 alikuja mnunuzi mgeni na karatasi za kuchujia na mizani ndogo, akaichuja kahawa ya Loko polepole kwenye kikombe cha kioo, Loko akaonja, akasema hii imeoshwa, haijapikwa, tukacheka, kisha akaonja tena, akasema inanukia siku ya tano, ile ya Jilo, akarudi kugeuza.

Maradhi ya moyo yalimwanza Agosti mwaka jana, akalazwa tarehe 2 Januari mwaka huu wa 2024, na pale hospitali hakuuliza habari za dawa, aliuliza nani anageuza. Alimwambia Godana, "Nikifa, msinikalie mkekani mkaacha kahawa. Waache waseme. Mimi walinisema, na kahawa ilikauka."

Godana aliahidi. Na Godana huyu huyu, aliyegeuza peke yake siku tisa mpaka mgongo ukagoma, dada yake alipofariki tarehe 11 alikaa mkekani kwa kuogopa midomo yenu, jana saa sita ikamkuta amekaa, jua linachoma, kahawa haijaguswa, naye akaona aibu ambayo hajapata kuiona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, chama cha kuzikana kwa turubai na jeneza, wachumaji na waanikaji wenzake, na kwa namna ya pekee inamshukuru Shunu Gelchu, ambaye jana mchana ule aliinuka mkekani mbele ya watu wote, akaenda vichanjani, wanawake wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, na leo asubuhi, baada ya kugeuza, ameingia jikoni kwa marehemu, akapika kahawa, akatoka mlangoni akaita majirani, na nyumba ikajaa hadi uani.

Dada Loko, vimefunikwa vyote kumi na viwili, nimepita kimoja kimoja. Birika halikupoa. Pumzika sasa.