Siku Shangazi Alipowasha Jiko la Gesi

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa banda langu. Mimi hushona viatu, wenzangu hushona maneno. Muuza kahawa hutua birika lake hapo kila asubuhi, na kikombe cha kwanza hakijapoa mada imeshachemka. Upande wa barabara hukaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Katikati hukaa Redio, muuza vocha, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Pembeni hukaa Cherehani, fundi nguo, mtu mpole asiyependa makuu. Siku hiyo Cherehani alikuja na uso wa mtu aliyemeza sindano. Tulimbana mpaka akasema. Alikuwa amemnunulia shangazi yake jiko la gesi, lile la kusimama lenyewe sakafuni, oveni chini, moto juu. Na tangu lishushwe kwenye mkokoteni, lilikuwa jikoni limefunikwa kitambaa, halijafungwa wala kuwashwa.

— Unaogopa nini? akauliza Breki. Jiko si simba.

— Simba namwona anapokuja, akasema Cherehani. Gesi siioni.

— Na Shangazi anasemaje?

— Ananiuliza kila siku. Namwambia fundi anakuja kesho.

— Anapikia nini sasa?

— Mkaa. Humo humo ndani, pembeni ya jiko jipya. Nikiwa chumbani kwangu namsikia anakohoa mpaka anashika ukuta.

Shangazi wa Cherehani sote tunamfahamu. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akapika kwa kuni mbichi mpaka nywele zikageuka mvi, na moshi ule ukamkaa kifuani.

— Daktari kasemaje? nikauliza.

— Kasema moshi uishe. Hakusema upungue. Uishe.

— Basi lifunge jiko, ndugu yangu, akasema Breki. Sikiliza, mimi nimebeba mitungi ya gesi kwenye lori nusu ya maisha yangu. Kwanza kabisa, mtungi hulazwa. Ukisimama muda mrefu gesi inachoka.

— Inachoka vipi?

— Kama wewe unavyochoka kusimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inahusianaje na mtungi?

— Mtungi si mgeni humo ndani? Mpe pa kulala.

Redio akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue taarifa ya habari inaanza.

— Kulala sawa, lakini alale wapi? Mimi nasema chini ya kitanda, wezi wasiuone. Wahenga walisema akiba haiozi.

— Gesi chini ya kitanda cha shangazi yangu? akauliza Cherehani.

— Haiozi, bwana. Wewe bisha tu.

— Na nitajuaje kama inavuja?

— Hilo ndilo jepesi, akasema Breki. Unawasha kiberiti, unakipitisha taratibu kando ya mpira wa gesi. Moto ukiruka, hapo ndipo panapovuja. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Na paa likiruka, nikamuuliza, hiyo ni dalili ya nini?

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga. Breki hakucheka. Redio akasogea mbele.

— Nyinyi mnacheka, lakini kuna siri. Mafiga tangu enzi ni matatu. Jiko hilo lina sehemu ngapi za moto?

— Nne, akasema Cherehani.

— Sasa la nne ni la nani? Nimesikia gesi humjua mwenye nyumba. Ukiiendea na hofu, inakasirika. Ndiyo maana majiko hulipukia watu waliogombana na wake zao.

— Mimi sina mke, Redio. Nina shangazi.

— Shangazi ni zaidi.

Cherehani aliinamisha kichwa. Niliona wazi kwamba kila neno la benchi lilikuwa linaongeza kitambaa kingine juu ya lile jiko. Nilitaka kumwambia aachane nasi, akatafute mtu anayejua. Kabla sijafungua mdomo, kivuli kikatuangukia sote.

— Shikamoo Shangazi, tukasema kwa pamoja.

— Marahaba.

Alikuwa amesimama na kanga yake begani, anapumua kwa taabu kidogo kwa sababu ya mwendo. Nyuma yake alikuwepo kijana mwenye begi la vifaa, fundi kutoka duka la gesi.

— Mwanangu, akamwambia Cherehani, kesho yako nimeisubiri mpaka imenichosha. Nimekwenda dukani mwenyewe. Nimekaa pale nikauliza mpaka muuzaji akanipa kiti.

Kisha akatugeukia sisi. Alikuwa amesikia mengi, hilo lilionekana usoni.

— Nani kati yenu amewahi kufunga jiko kama hili nyumbani kwake, likawaka?

Redio alitazama birika. Mimi nilishika kiatu cha mtu ambacho nilikwisha kukimaliza. Mwishowe Breki akakohoa.

— Mimi ni dereva, Shangazi.

— Sikuuliza kazi.

Shangazi akaivuta kanga yake begani.

— Basi njooni mwone, akasema. Midomo iacheni hapa.

Kijiwe kikahama chote mpaka uani kwake, tukajipanga dirishani, isipokuwa Redio aliyeingia ndani kwa kuwa haamini habari asiyoiona mwenyewe. Jambo la kwanza alilofanya Shangazi ni kulitoa jiko la mkaa nje, likiwa bado na makaa, na kulimwagia maji. Lilifuka kwa hasira. Yeye akasimama mbali mpaka likazima kabisa.

— Cheche yoyote isibaki, akamwambia fundi. Sasa ingia.

Cherehani alikuwa amelisukumia jiko pembeni kabisa, chini ya pazia alilolishona kwa mkono wake mwenyewe, pazia zuri la maua. Shangazi alilitazama.

— Pazia ulilishona vizuri, mwanangu. Lishushe.

— Shangazi, ni zawadi yako.

— Nitalipeleka chumbani. Hapa litakuwa kuni.

Wakalivuta jiko, wakaliachia nafasi ukutani. Fundi alizungusha miguu yake, mmoja juu, mmoja chini. Shangazi akaweka sufuria yenye maji juu yake, akainama kuangalia maji yameegemea wapi. Yaliposimama sawa, alitikisa kichwa kukubali. Kisha fundi akatoa mnyororo mfupi na kuanza kutoboa ukuta.

— Mnalifunga kama mbuzi? akauliza Redio.

Shangazi alifungua mlango wa oveni ukalala, akauegemea kwa kiganja. Jiko zima likainuka nyuma.

— Umeona? Mjukuu wangu akija kunitembelea, akaukanyaga mlango huu achungulie kilichomo, litamwinamia pamoja na sufuria ya moto. Shuleni niliona mtoto akimwagikiwa na uji. Sitaki kuona tena.

Mnyororo ulipokaza, Shangazi aliuegemea mlango tena, na safari hii jiko halikunyanyuka.

Mtungi uliwekwa karibu na mlango wa uani, penye hewa, mbali na oveni.

— Ulazwe, akasema Breki dirishani.

— Ukilazwa, mzee, akajibu fundi, gesi inaingia kwenye mpira ikiwa majimaji. Hapo utaomba dua usiyoijua.

Akafunga regileta, kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi, akapitisha mpira pembeni usiguse nyuma ya oveni, akauchomeka kwenye jiko. Simu yake ilikuwa inaita tangu alipoingia. Mteja mwingine alikuwa anamsubiri. Akafungua gesi na kunyoosha mkono kuchukua kiberiti.

— Ngoja, akasema Shangazi.

— Mama, nimefunga majiko mengi.

— Hili bado hujalifunga.

Alichukua bakuli la maji yenye povu la sabuni na sponji, akapaka pale mtungi unapokutana na mpira. Povu lilitulia. Akazunguka, akapiga goti kwa shida, akapaka nyuma ya jiko. Tukamwona anatulia. Kipovu kimoja kilivimba, kikapasuka. Kikavimba kingine. Harufu ikatufikia dirishani, ile harufu nzito kama ya vitunguu vilivyooza.

— Breki, akaita Shangazi bila kupaza sauti.

— Naam.

— Una nini mkononi?

Breki alijitazama. Alikuwa ameshika sigara ambayo hajaiwasha, na kiberiti cha gesi mkono wa pili.

— Nenda navyo barabarani. Usirudi mpaka nikuite.

Breki alikwenda, na alikwenda haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Kule ndani Redio alinyoosha mkono ukutani.

— Niwashe taa tuone vizuri.

— Usiguse swichi. Nayo ina cheche.

Mkono wa Redio ulibaki hewani. Shangazi mwenyewe aliufikia mtungi akaufunga, akasukuma mlango wazi, nasi tukafungua madirisha yote kwa nje. Wote tukasimama uani. Fundi alikuwa ameizima simu yake na hakuweza kumtazama mtu. Cherehani akamwendea shangazi yake.

— Shangazi, tuache, akasema. Nililijua hili. Nitalirudisha. Nitakutafutia msichana wa kukupikia nje.

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikohoa kwanza, akaacha kikohozi kipite, ndipo akasema.

— Mwanangu, moto wa kuni ulinila kifua kwa sababu sikuuliza kitu. Niliambiwa moshi ni kawaida, nikanyamaza. Huu nimeuuliza, umenijibu. Umenionyesha kwa kidole panapovuja. Sasa nikimbie nini?

Cherehani alichuchumaa karibu naye akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka harufu ikaisha kabisa.

Fundi aliingia tena peke yake. Alipotoka alikuwa ameshika mpira ule, ncha yake imechanika ufa mdogo kama mkunjo wa kiatu cha zamani.

— Nisamehe, mama. Niliuona mpya sikuukagua. Na kibano cha kuushikilia nilikuwa sijakikaza.

— Una mwingine?

— Ninao.

— Basi fanya kazi yako. Sina kinyongo.

Safari hii aliukagua mpira kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akatia kibano cha chuma kila upande, akakaza. Redio alichungulia.

— Hivyo vyuma vya nini tena?

— Chanda chema huvikwa pete, akasema Shangazi.

Redio alifikiri kidogo.

— Hiyo methali sasa imepata mahali pake.

Gesi ikafunguliwa. Povu likapakwa mtungini, likatulia. Likapakwa nyuma ya jiko. Likatulia. Shangazi akamwambia fundi apake tena, naye akapaka bila kulalamika, na povu likalala pale kama limechorwa.

— Mwiteni Breki, akasema. Aje bila vitu vyake.

Breki alipofika dirishani, Shangazi alikuwa ameinua kifuniko cha kioo na kukiegemeza nyuma. Akamwelekeza Cherehani kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: kifuniko hakishuki mpaka jiko lipoe, kiberiti hutangulia, ndipo unazungusha swichi ya jiko, usiiache gesi itoke kwanza halafu uanze kutafuta kiberiti. Kisha akampa kile kiberiti.

— Mimi? akauliza Cherehani.

— Wewe ndiye uliyelileta. Na wewe ndiye unayeliogopa.

Cherehani aliwasha njiti. Akazungusha. Moto ukashika, ukazunguka duara, mdogo, wa buluu, hauna ulimi wa njano wala masizi. Akawasha wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne alimtazama Redio.

— Huu ndio usiojulikana ni wa nani.

— Ni wa Shangazi, akasema Redio.

Jirani aliyekuwa anaanua nguo akapiga kigelegele bila hata kuuliza kuna nini. Breki alivua kofia. Shangazi alisogea karibu na ule moto, akauinamia kama alivyozoea kuinamia sufuria za shule, na kwa mazoea akafumba macho moshi usiyaume. Akasubiri. Akayafumbua. Hakuna kilichomuuma. Akavuta pumzi, akaishusha pole pole, akavuta nyingine. Cherehani alikuwa analia waziwazi sasa, na hakuna aliyemtania.

— Leteni unga, akasema Shangazi. Oveni hii si pambo.

Tangu siku ile kikohozi kimekuwa kikipungua. Jikoni dirisha halifungwi akipika, na akimaliza husikika akizungusha kichwa cha mtungi kuufunga, kila mara. Asubuhi moja alituletea kijiweni mkate alioupika mwenyewe, umeumuka, una rangi ya dhahabu juu. Tulikuwa tunautafuna, Breki anaeleza jinsi yeye na Shangazi walivyolifunga lile jiko, Redio anamrekebisha kwamba ni yeye na Shangazi, mgeni mmoja alipotukaribia. Alikuwa amebeba regileta mpya ndani ya mfuko.

— Samahanini, wakubwa. Nimesikia hapa kuna wanaojua gesi. Nyumbani mama yangu ananisubiri na jiko. Ni nani kati yenu anaweza kuja kuniangalizia?

Breki alimeza mkate kavukavu. Redio akageukia birika, muuza kahawa akalipindua kumwonyesha: tupu.

Cherehani alisimama, akapangusa makombo kwenye suruali.

— Hapa hakuna mtu, akasema. Twende kwa shangazi yangu. Na sabuni tutaibeba mimi na wewe.