Peni ya Desmond Katika Ekari Saba

Wasifu wa marehemu Desmond Arthur Thirtle, ulioandikwa na kusomwa na dada yake, Maureen, kando ya kaburi, shamba la Ekari Saba, Marlingthorpe, Norfolk, Ijumaa tarehe 19 Oktoba 2018.

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanachama wa chama cha watafuta vya kale, familia inawashukuru kwa kuja na kwa kuvumilia tope. Wanaonong'ona kwa nini hatukumzika kanisani kama baba na mama watapata jibu kabla sijamaliza. Waliopangwa mbele naomba wabaki mbele. Bwana Neville Gotts, nafasi yako ni hapo hapo ukingoni. Usirudi nyuma, utamkanyaga mchungaji.

Desmond alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba ya vibarua karibu na daraja, hapa Marlingthorpe, akiwa kitinda mimba wa Arthur Thirtle, dereva wa trekta, na Edna. Mimi nilikuwa na miaka sita. Tangu alipoanza kutembea alitembea ameinamisha kichwa. Mama alidhani mwanawe ana haya, kumbe alikuwa anatafuta. Baba alikuwa akirudi jioni na vitu vilivyofukuliwa na plau: vifungo, viatu vya farasi, na siku moja sarafu, peni ya mfalme wa zamani, imepata kutu hata uso hauonekani. Desmond alilala na peni hiyo mkononi, na asubuhi shuka lilikuwa la kijani. Alichapwa yeye, na mimi nilichapwa kwa kucheka.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini, kisha sekondari mjini Dereham, akamaliza mwaka 1966. Mwalimu wa historia alimpenda. Mwalimu wa hesabu alimwombea tu. Alifanya kazi mashambani pamoja na baba hadi mwaka 1974, ndipo akaajiriwa kuendesha basi kati ya Dereham na Norwich, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2016. Hakuwahi kumgonga mtu wala mbwa, lakini msimu wa kulima abiria wake walichelewa, kwa sababu alipita mashambani polepole akinyoosha shingo kutazama udongo uliofunuliwa. Marehemu Bi Ivy Pegg alikuwa akimpigia kelele kutoka kiti cha nyuma: "We Desmond! Tazama barabara! Warumi walishakufa wote, hakuna wa kumbeba!"

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na wifi yangu Pauline Bunn, wakajaliwa watoto wawili, Adrian na Judith. Mwaka wa kwanza wa ndoa Pauline alipoteza pete ufukweni Sheringham. Desmond aliazima mashine ya kutambua madini, akapita mchangani tangu chakula cha mchana mpaka watu wakakunja viti vyao. Alipata vifuniko vya chupa vya kujaza ndoo, na pete. Pauline anasema alifurahia vifuniko sawasawa na pete. Wiki iliyofuata alinunua mashine yake mwenyewe, na tangu hapo Jumapili za wifi yangu zikawa za ujane. Alimfungia mkate na jibini na achari, akamjazia chupa ya chai, akafunga mlango.

Kwa wasioijua kazi hii ya mapenzi, nieleze kidogo alivyoifanya. Desmond hakuvuka geti la mtu bila ruhusa. Alikata majani juu ya shimo kama mfuniko, akatoa alichoitiwa na mashine, akafukia, akarudisha mfuniko na kuukanyaga, hata kondoo asijue kulikuwa na mtu. Na alikuwa na desturi yake. Kila shimo lililompa kitu cha maana, aliliachia peni mpya ya mwaka ule, aliyoigonga herufi D kwa msumari. Nikamwambia anapoteza hela. Akanijibu, "Dada, mkono mtupu haulambwi. Ardhi imenipa, nami niiachie." Wenzake chamani walimcheka kwa desturi hiyo. Aliyecheka kuliko wote alikuwa rafiki yake mkubwa, Neville.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Jumapili tarehe 14 Septemba 2003, baada ya ngano kuvunwa, Desmond alikuwa katika shamba hili, wakati huo likiwa la Mzee Basil Larter. Katika pembe hii, mashine ililia. Alichimba hadi kiwiko kikazama, akatoa nusu ya pini ya kale ya kufungia joho, ya dhahabu, imepambwa mawe mekundu. Nusu tu, imevunjika katikati. Mashine ilikuwa bado inanung'unika chini kabisa, lakini mvua ilianza kumwagika, akaacha peni yake shimoni, akafukia, akasema nusu ya pili itangoja hadi Jumapili. Akatazama mahali pale, akapakariri kama watu wa kazi hii wanavyokariri: ukisimama hapa, mti ule wa mwaloni unaziba kabisa mnara wa kanisa. Piga hatua kushoto au kulia, mnara unachungulia.

Sheria ya nchi ni kwamba dhahabu ya kale lazima itangazwe, pamoja na mahali halisi ilipotoka, na zawadi wanagawana aliyeipata na mwenye shamba. Kesho yake Desmond alikuwa na zamu ya basi. Neville alikuwa na safari ya Norwich. Nilikuwepo jikoni kwa Pauline, niliyasikia kwa masikio yangu.

"Nipe mimi nikupelekee, Des," Neville alisema, mdomo umejaa pai. "Hicho kitu ukikiweka ndani utalala wewe?"

"Uwaambie ni Ekari Saba," Desmond akasema. "Pembeni, kwenye mwaloni. Na uwaambie ipo nusu nyingine."

"Mimi mtoto, bwana?"

Hakuwa mtoto. Alifika Norwich akawaambia watu wa makumbusho pini ni yake, kaipata nyuma ya bustani yake, ardhi yake mwenyewe, ambako hana wa kugawana naye. Nusu ya pili hakuitaja. Pini iko mpaka leo kwenye kabati la kioo katika jumba la makumbusho, na chini yake kikaratasi chenye jina la Neville Gotts. Nimekwenda kukisoma kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu, ili hasira yangu isipoe.

Desmond alipolalamika chamani, Neville alisimama, mkono kifuani. "Jamani, nampenda Des kama ndugu. Lakini wivu ni ugonjwa. Leo atasema pini ni yake, kesho atasema mke wangu ni wake."

Watu wakacheka. Wengine wenu mliocheka mpo hapa, nawaona, na mmevaa tai nzuri. Kisha Neville akamwendea Mzee Larter akamwambia, "Desmond anataka kuleta watu wa serikali wakufumulie shamba zima." Mzee Larter akafunga geti kwa mnyororo, hakusikiliza neno. Kijiji ni kidogo. Mtu akisemwa kuwa anadanganya mahali alipopata kitu, hakuna mkulima atakayemfungulia, kwa sababu katika kazi hii mahali ndio kila kitu. Mageti yakafungwa moja baada ya jingine. Chama kikamfuta. Mashine ikatundikwa bandani, na Desmond akawa mtu wa kutazama mashamba kupitia kioo cha basi.

Nilimwambia mara nyingi aruke geti akaichimbe nusu iliyobaki, awatupie usoni. Alikataa. "Nikiingia bila ruhusa, Dada, nitakuwa nimekuwa kile anachosema Neville." Mimi ningeruka. Mimi ningechoma na bustani yake njiani nikirudi. Lakini tulizaliwa wawili kwa mama mmoja, na upole wote alipewa yeye.

Mzee Larter alifariki mwaka 2015, na shamba likarithiwa na binti yake Hilary. Pembe hii haikuguswa tena na plau tangu mwaka ule wa 2003. Iliachwa nyasi kwa ajili ya ndege, na Mungu awabariki ndege hao.

Februari mwaka huu Desmond aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani na Pauline na Judith, na wauguzi wa wilaya waliokuja kila siku kwa upendo mkubwa. Familia inawashukuru sana. Alidhoofika mwili, akili ikabaki na makali yake. Mwezi Agosti Hilary alikuja kumjulia hali na yai la bata.

"Mjomba Des," alimwambia, "baba hayupo tena, na ufunguo wa geti ninao mimi. Ukipata nafuu njoo na mashine yako, uzunguke utakavyo."

"Nafuu siioni, mwanangu," Desmond akasema. "Lakini kama una roho hiyo, nipe mahali pa kulala."

Hilary alidhani dawa ndizo zinazosema. "Kulala wapi?"

"Pembeni pale. Pale mwaloni unapoziba mnara. Siyo kushoto, siyo kulia. Pale pale."

"Kwa ajili ya mandhari?"

"Kwa ajili ya kina," Desmond akasema. "Kaburi huchimbwa chini sana, siyo?" Akanigeukia, akanikonyeza. Nilimwelewa, nikatoka nje kwenda kulia na kucheka bandani, karibu na mashine yake.

Hilary alikubali, kibali kikapatikana. Desmond alifariki Jumanne tarehe 9 Oktoba, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Pauline. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Kaburi lilichimbwa Jumatatu. Kwa kuwa ni ardhi yenye vya kale, ofisi ya mkoa ilimtuma binti mmoja kusimamia, naye akapitisha mashine kwenye kila rundo la udongo uliotoka. Hilary na mimi tulisimama tukitazama. Shimo lilipofika kina cha kiwiko, mashine ililia. Ilikuwa peni ya mwaka 2003, imegongwa herufi D. Binti aliigeuzageuza, akauliza, "Hii ya nani tena?" Nikamwambia, "Subiri, mama. Endelea kuchimba." Wakaendelea, na chini zaidi, pale mashine ya mwaka ule ilipokuwa ikinung'unika, ikatoka nusu ya pini ya joho, ya dhahabu, yenye mawe mekundu.

Juzi Jumatano binti yule aliipeleka Norwich, wakafungua kabati la kioo, wakaziweka nusu mbili pamoja. Alinipigia simu akilia. "Bibi Maureen, zimeshikana. Hata unywele haupiti." Peni ilikuwa juu ya nusu hii ya pili, na ardhi iliyo chini ya peni haikuwa imeguswa na mtu. Anasema kikaratasi kimekwishatolewa kabatini. Yeye yuko hapa leo, ni yule wa koti la kijani. Amefuatana na bwana mwingine ambaye angependa kuzungumza na Bwana Neville baada ya ibada. Mtapata chai kwanza, hatuna haraka.

Bwana Neville alipigiwa simu kwamba mazishi ni shambani. Kwamba ni pembe ipi, sikumwambia. Yeye mwenyewe aliomba aseme maneno machache kuhusu urafiki. Nilimjibu kuwa nafasi ipo, ila aje asimame mbele. Kama anatoka jasho na baridi hii, mwacheni. Inua kichwa, Neville, utazame mwaloni. Uniambie kama unauona mnara.

Desmond Thirtle hakuwa mwongo. Ninayasema haya mbele ya mwili wake, na nimeyachapisha kwenye kijitabu mlichoshika, mkakae nacho majumbani. Ninyi wa chama, aibu ni yenu, na siwasamehe leo. Njooni mwakani, nitaona. Mchungaji anasema kisasi ni cha Bwana. Sawa, mchungaji, lakini Bwana alimwachia Desmond achague pa kulala.

Marehemu ameacha mke, Pauline. Watoto, Adrian na Judith. Wajukuu, Rowan, Tess na mdogo Arthur. Na dada, mimi. Ameacha pia mashine yake, anayoirithi Tess, na mageti yote ya Marlingthorpe, ambayo Hilary amezunguka kuniombea yafunguliwe tena kwa jina la Thirtle.

Limebaki jambo moja. Kabla udongo haujarudi, familia inamwomba Bwana Neville Gotts asogee. Katika shimo hili alichukua, na hakuacha kitu. Adrian anakuja na peni mpya ya mwaka huu, tumeigonga herufi N. Iangushe, Neville. Iangushe taratibu, tuisikie ikigonga sanduku.

Mdogo wangu, sasa lala, jina lako limepatikana. Wewe Neville, bado.