Timu ya Akiba ya Eparama

Benchi lililo kando ya duka la ushirika, hapa kisiwani Taveuni, lina wenyewe. Jioni ile walikuwa watatu: Jone, aitwaye Mchi kwa kuwa ndiye mponda kava, mizizi ya kinywaji cha kulevya, Semisi, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi, na Eparama, aliyechanwa mguu na matumbawe juzi, Jumapili. Bakuli lilishajazwa maji na mizizi ya kava ilishatiwa kinuni. Eparama alitaka kifuu kimoja tu, kisha akalale.

— Nesi kasemaje, binamu? Mchi aliuliza, mchi ukiwa hewani.

— Eti damuni mna protini za ulinzi. Moja ikimgusa bakteria, inaamsha zingine. Kuna zinazompaka alama ili aliwe, kuna zinazomtoboa mpaka apasuke. Ila zikizidiwa, nikaanza kutetemeka au kuchanganyikiwa, nikimbizwe hospitali.

— Zinamtoboa! Redio alipiga paja. Kumbe una timu ya raga humo!

— Raga wapi! Hao polisi, alisema Mchi.

— Polisi huja nguruwe akishaliwa. Hizi zinawahi.

— Zinawahi, na mguu umevimba kama gimbi?

— Aliumia Jumapili, bwana. Protini za Kimethodisti zilikuwa kanisani.

— Na bakteria je?

— Wasabato hao. Jumapili wako kazini.

Eparama alitaka kucheka, meno yakagongana. Baridi ilimpanda kutoka mguuni hadi kisogoni, na sauti za wenzake zikawa kama zinatoka chini ya maji.

— Binamu, Redio alimwita, wewe unaonaje, raga au polisi?

— Ndizi, alijibu Eparama. Zifunikeni, mvua inakuja.

Mbingu ilikuwa kavu.

— Mwone! Kava imeshampanda kichwani!

— Siku hizi haiwezi kava kabisa huyu. Mwache ajilaze.

Eparama akajilaza. Hata yeye aliamini ni kava.

Shangazi Litiana akatokea na kikapu chake cha magimbi, akasimama.

— Huyu ana nini?

— Kava, shangazi. Imemzidi.

Shangazi akachungulia bakuli. Maji matupu, hadi chini kunaonekana. Akachungulia kinu. Mizizi mizima.

— Kava ipi?

Redio alishika ncha moja ya benchi. Mchi alitazama mchi wake mkavu, akautupa.

Wakalinyanyua benchi na Eparama juu yake, wakatimua mbio kwenye barabara ya hospitali, shangazi mbele akisimamisha magari kwa kikapu.

— Waambie wachezaji wako wa damuni wakaze, binamu! Redio alihema. Sisi timu ya akiba ndiyo kwanza tumeamka!