Kaye ya Nyimbo Niliyoogopa Kuitoa

Ndugu zangu, mniache nishike mgongo wa kiti hiki nikisema. Mnaonijua mnacheka, kwa sababu miaka miwili nilisimama hapa mbele yenu kila Jumatano. Lakini kusimama mbele ya watu ni kitu kimoja, ujasiri ni kitu kingine. Mimi ni mwoga, na leo nashuhudia juu ya woga wangu.

Nilipochaguliwa kuongoza kikundi chetu cha maombi hapa chuoni, nilikabidhiwa kaye moja, daftari la kikundi. Ndani mlikuwa na nyimbo zetu, za Kiswahili na za Lingala, na namba za simu za kila mtu. Bon, kaye ile sikuiachia mtu. Kuhubiri ni mimi, kuanzisha wimbo ni mimi, kutembelea wagonjwa ni mimi. Watu wakanisifu: yaya, mkubwa wetu, anajitoa kweli. Nawaambia, hakukuwa kujitoa. Niliogopa kwamba mwingine akiharibu, watasema kikundi kilifia mikononi mwangu. Na niliogopa zaidi kwamba mwingine angefanya vizuri kuliko mimi.

Mnajua desturi yetu. Hatuingii kwenye matanga kimya. Tunasimama barabarani, kiongozi anaomba, anaanzisha wimbo, ndipo tunaingia tukiimba hadi kwa mfiwa. Sasa, mwaka jana niliitwa kwenda Opala, mama mdogo alikuwa mgonjwa. Nikaondoka na kaye ndani ya mfuko wangu. Kule simu hazipiti vizuri. Siku zile zile, mwenzetu mmoja, dada wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mtaa wa Mangobo, akafiwa na mama yake.

Hakuna aliyekwenda. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walinipigia simu, haipiti, wakasema tumngoje yaya arudi atuongoze. Mama wa watu akazikwa wakiwa bado wananingoja.

Niliporudi nilikwenda Mangobo. Nilimkuta dada yule anaosha sahani za matanga. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Yaya," akasema, "kila pikipiki yenye kusimama nilifikiri ni ninyi. Nikaambia papa, mungoje kidogo, bandugu bangu ba chuo beko nakuya na kuimba. Kisha papa akaniuliza kama kweli niko na bandugu kule chuoni."

Nikachukua sahani, nikaosha naye.

Kesho yake nikaenda kwa papa mchungaji anayetushauri. Nikamweleza yote. Akaniuliza kwa nini sikuwaachia wengine kazi.

"Wataharibisha, papa."

"Na sasa hivi, iko muzima?"

Ndugu zangu, nililia pale kwenye kiti chake. Jumatano iliyofuata nilimpa kaye dada yule wa Mangobo, nikamwomba aongoze ziara za matanga. Mikono yangu ilitetemeka, mtu angedhani nina malaria. Yeye mwenyewe aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, nikadanganya.

Na waliharibu, msifikiri hawakuharibu. Ziara ya kwanza walikosea lupango, wakaingia na nyimbo za msiba kwenye ua wa watu waliokuwa wanapokea mahari. Mnacheka leo! Mimi sikucheka. Waliponieleza, mkono wangu ulinyooka wenyewe kuelekea kaye. Nikaurudisha. Dada akaniahidi kwamba ataanza kuuliza njia, na akauliza kweli.

Miezi michache iliyopita papa yangu akafariki. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kwa tonton yangu, ndugu wa papa, na sikumpigia yeyote simu. Niliogopa kupiga. Nilijiambia, wewe uliyemwacha mwenzako bila wimbo, leo ni zamu yako. Kila pikipiki iliposimama nilitazama mlango wa lupango, kisha nikainamisha kichwa.

Halafu nikawasikia barabarani, habari ilikuwa imewafikia bila mimi. Walianza juu mno, na wimbo wenyewe nisingeuchagua mimi. Mbele alikuwa dada wa Mangobo. Nikajaribu kusimama niwasaidie ubeti wa pili. Ndiyo, hata siku ile! Akanishika bega, akakaa nami kwenye mkeka.

"Yaya, leo usiimbe. Lia tu."

Nikalia. Na wao wakaimba mpaka mwisho bila mimi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru papa mchungaji kwa swali lake, na ninyi mliokuja mguu kwa mguu kwenye jua lile. Nanyi mliochaguliwa leo kuongoza kikundi, msingoje woga uishe ndipo mgawe kazi, hautaisha. Gaweni mkitetemeka, tena mapema, mngali hapa mwone wenzenu wakikosea na mwendelee kuwapenda.

Basi, nakiachia kiti. Dada, simama utuanzishie wimbo. Juu vile vile, sisi tutafuata.