Msinisifu kwa Kutolalamikiwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Ndugu Mkurugenzi, waganga, wauguzi na wahudumu wa wodi zote, mafundi wenzangu wa karakana ya viungo bandia, mke wangu na wanangu mlioketi wima kama mnaopigwa picha ya pasipoti, na ninyi wagonjwa wetu, mliowekwa viti vya nyuma kabisa ingawa ndio wenye taabu ya kutembea: habari za mchana. Wakubwa zangu, ambao siku hizi mmebaki wachache, shikamooni.

Nilikuwa na hotuba nyingine. Ninayo hapa mfukoni, kurasa nne, zimechapwa vizuri, na kila idara imeshukuriwa humo. Lakini mshereheshaji aliposoma kwamba ninastaafu baada ya miaka thelathini na moja "bila lalamiko hata moja", nanyi mkapiga makofi, damu ilinipanda. Nani aliandika maneno hayo? Na ninyi mafundi wenzangu, mnaojua kila kitu, mlikuwa mnampigia nani makofi?

Mimi nimelalamikiwa, ndugu zangu, tena sana. Mnajua wagonjwa wananiitaje pale kwenye benchi la nje? Wananiita Mzee Utazoea. Kwa miaka mingi nilidhani wananitania kwa mapenzi. Kumbe ndilo jibu nililompa kila aliyesema mguu niliomtengenezea unamuumiza.

Yupo mama mmoja hapa, mpishi wa shule, wengi mnamfahamu kwa maneno yake makali na kicheko chake. Alikatwa mguu chini ya goti, nami nikamtengenezea wa bandia. Alirudi baada ya wiki mbili. "Fundi, huu mguu unanila." Nikamwambia, "Mama, utazoea." Akarudi tena. "Fundi, nitazoea lini? Nasimama jikoni tangu alfajiri, watoto mia tatu wanataka kula." Nikamwambia apunguze kusimama. Hebu fikirini: mpishi, eti apunguze kusimama! Mara ya tatu hakunifikia mimi. Alimkuta binti mmoja wa karakana yetu, fundi mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa ameajiriwa mwaka huo huo. Binti akamvua mguu, akaangalia kidonda, akampeleka kwa muuguzi akasafishwe. Kisha akaandika karatasi moja, akaniletea mezani kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Niwaeleze kilichoandikwa, maana ndicho kiini cha hasira yangu. Wagonjwa wetu wengi wanatoka mbali, wanakaa kwenye gari saa tano, saa sita, kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa, tunachokiita kigutu, kinaning'inia. Sisi kwa kuwahurumia tukajiwekea desturi: akishuka tu apimwe, afungwe plasta ya kuchukulia umbo la kigutu, arudi kwao siku hiyo hiyo. Tuliiona ni wema, na ulikuwa wema kweli. Lakini kigutu kilichoning'inia saa sita kimevimba, na plasta inashika umbo la uvimbe. Uvimbe ukiisha, mguu unapwaya, mfupa unagonga, ngozi inachubuka. Binti aliandika: tumpumzishe mgonjwa kwanza, tuinue kigutu, tukifunge bandeji, tupime asubuhi na tupime tena baada ya chakula cha mchana. Basi.

Mnadhani niliuliza kama ni kweli? Wapi! Niliuliza amezaliwa mwaka gani. Niliuliza amesomea wapi, na nani amemtuma, na kama anakitaka kiti changu. Kwa nini mtu mzima akiambiwa kazi yake ina kasoro, anawaka kama aliyetukaniwa mama yake? Karatasi ile niliitia kwenye mtoto wa meza. Miezi miwili sikuitikia salamu yake. Kisha nikachukua kalamu, nikamwandikia Mkurugenzi kwamba binti hana heshima na anavuruga kazi.

Nyumbani nako nikahamishia kisirani, mpaka mke wangu akaniuliza, "Kwani alichosema ni uongo?"

Nikasema, "Sijui."

"Hujui? Miezi miwili umenuna na hujui? Si uende ukaangalie!"

Nikaenda. Nilimwambia binti, "Nionyeshe." Sikusema samahani, kiburi kilikuwa bado kimenikaba. Naye hakunisimanga. Alisema tu, "Mzee, nikikosea utanirekebisha." Akamlaza mgonjwa aliyekuwa ametoka safari, akapima, akafunga bandeji, tukaenda kula. Tuliporudi akanipa tepu nipime mwenyewe. Kigutu kilikuwa kimepungua sentimita mbili na nusu. Nilipima mara tatu, nikitafuta kosa la tepu. Tepu ilikuwa sawa. Aliyekosea miaka thelathini na moja nilikuwa mimi.

Lakini mama mpishi hakuwa na miezi miwili ya kunisubiri ninune. Kidonda kilioza, sumu ikapanda, na madaktari wakamkata upya, juu ya goti safari hii. Goti lake lilikuwa bado lake wakati ile karatasi imelala kwenye mtoto wa meza yangu. Waliofanya kazi na viungo bandia wanajua tofauti ya mtu mwenye goti na asiye nalo ikiwa kazi yake ni kuinua masufuria. Nilipokwenda wodini kumwomba radhi, alisema, "Fundi, mimi nilikwambia."

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, nakuheshimu na sikusemi kwa ubaya. Nilikuja ofisini kwako kufuta barua yangu. Ukaniambia, "Mzee wangu, acha hayo, usijishushe. Ondoka na heshima yako, mengine tuachie sisi." Ukaniagizia na soda. Na uhamisho aliokuwa ameandikiwa binti kwa sababu ya barua ile ukabaki palepale. Heshima gani hiyo inayolindwa kwa kumtoa fundi hodari karakana na kumpeleka stoo akahesabu shuka? Na wale mafundi vijana wawili wanaoangalia viatu vyao sasa hivi, wamejifunza nini? Wamejifunza kunyamaza. Wakiona nimefunga mguu kinyumenyume watanisifia, na mgonjwa atatoka hapa akichechemea.

Binti, inuka tafadhali, watu wakuone. Hukunivunjia heshima. Ulinisaidia, nami nikakulipa ubaya mbele ya wenzako, kwa hiyo mbele yao hao hao nasema: nimekosa, nisamehe. Aliyemchongea nilikuwa mimi, Ndugu Mkurugenzi, na barua yangu ya kukanusha hii hapa, nimeisaini, naiweka mezani pako mbele ya Mwenyekiti wa Bodi.

Nawashukuru wauguzi mliosafisha vidonda vilivyotokana na kazi yangu bila kunisema. Nakushukuru mke wangu kwa swali lile. Nawashukuru wagonjwa mliolalamika, na hasa mlioendelea kulalamika baada ya kupuuzwa. Asanteni nyote kwa kunivumilia.

Limebaki jambo moja, nami siketi mpaka nijibiwe. Mama mpishi amepona, na Jumatatu saa mbili asubuhi analetwa kupimwa mguu mpya, wa juu ya goti, ambao ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Mimi nitakuwa nimeshastaafu. Binti ameandikiwa awe stoo saa hiyo hiyo. Ndugu Mkurugenzi, mama mwenyewe yuko kiti cha mwisho kabisa kule nyuma, anakusikia. Mwambie: nani atampima?