Orrin Tackett, Aliyeomba Kulala Kando ya Cuca

Ndugu, jamaa, majirani wa El Membrillal, na ninyi mliovuka mpaka tangu alfajiri kutoka Arizona, mimi ni Evaristo Bojórquez, shemeji wa marehemu, mdogo wake Refugio, mke wa marehemu, ambaye wote mlimwita Cuca, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mtu huyu aliyelala mbele yetu. Wapo hapa wanaoshangaa kwa nini nisome mimi, mimi niliyemfungia geti la makaburi haya haya, na nimewasikia pale kwenye kahawa mkinong'ona, "Evaristo ataweza kweli?" Sijui kama nitaweza, lakini nimeandika yote na nitayasoma yote, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Marehemu Orrin Dale Tackett alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika shamba la ng'ombe nje kidogo ya Willcox, Arizona, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Harlan Tackett na mkewe Opal. Alisoma hapo hapo Willcox, akamaliza sekondari Mei 1967, na kwa maneno yake mwenyewe alifaulu somo moja tu, la useremala, mengine yote walimu walimpitisha kwa huruma. Tarehe 12 Februari 1968 aliingia jeshini, ambako walimfundisha kutengeneza bunduki zilizoharibika, na aliporudi Novemba 1970 alirudi na ufundi huo pamoja na sikio la kushoto lisilosikia vizuri, sikio ambalo baadaye lilizidi kuwa bovu kila dada yangu alipomtuma kazi.

Kwetu huku, kusini mwa mpaka, alifika Septemba 1974, pikapu yake ilipokufa pale kwenye kivuko cha mto, na kwa kuwa kipuri kilitakiwa kutoka Nogales alikaa nyumbani kwetu siku nne, hana la kufanya, mpaka alipoiona bunduki ya zamani ya marehemu baba, ile ya kufukuzia mbwamwitu kwenye miti yetu ya matunda ya membrillo, imening'inia ukutani bila kazi tangu kabla sijazaliwa. Baba akamwambia, "Kijana, ukiifufua hiyo, chagua chochote humu ndani." Aliifufua kwa siku moja na nusu, akamchagua dada yangu, na baba hakucheka mpaka mwaka uliofuata. Nalitaja hili kwa sababu bunduki ndiyo iliyomwingiza katika familia hii, na bunduki ile ingali ukutani kwangu, inafanya kazi mpaka leo, nami nimeitumia mara nyingi, kwa hiyo sijasimama hapa kama mtu ambaye hajawahi kugusa chuma.

Walifunga ndoa tarehe 24 Aprili 1976 katika kanisa la Magdalena, wakaenda kuishi Pozo Hondo, Arizona, nusu saa kutoka mpakani, na tarehe 3 Agosti 1979 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Adela, ambaye yuko hapa nasi. Tarehe 1 Juni 1981 marehemu alifungua duka lake la bunduki, na juu ya kaunta akapigilia ubao aliouchonga kwa mkono wake mwenyewe, wenye maneno HAPA HATUULIZI KWA NINI. Aliamini kwamba mtu huru anayetaka bunduki hapaswi kujieleza kwa serikali wala kwa muuzaji, aliamini hivyo kama wengine tunavyoamini misa, na kwa miaka kumi na moja alikuwa mwenyekiti wa chama cha wamiliki wa bunduki wa wilaya yake. Alifuata sheria zote, kila mteja alijaza fomu, kila jina lilipigiwa simu serikalini, na yeyote aliyekataliwa na simu hakuuziwa hata risasi moja.

Tulibishana, jamani, tulibishana kila Krismasi kwa miaka thelathini, tamales za mahindi zikipoa mezani. Mimi nilimwambia, "Shemeji, huku kwetu bunduki halali inauzwa na jeshi peke yake, huko mji mkuu, sasa hizi zote zinazotuua zinaota shambani?" Naye akajibu, "Kama watu wenu wasingeleta ile sumu ya kulevya kwetu, zangu zingeishia kuwinda paa." Nami nikasema, "Na kama watu wenu wasingeila, nani angehangaika kuileta?" Hapo Cuca alitutupia kitambaa cha meza na kusema, "Wazee wawili wapumbavu, nani anaosha vyombo?" Tukaosha, yeye akisuuza na mimi nikifuta, na tukiosha hatukubishana.

Mwaka 1984 mtoto wa jirani yao pale Pozo Hondo, wa miaka sita, alichezea bastola ya baba yake na hakupona, na bastola ile ilitoka dukani kwa marehemu. Tangu siku hiyo Cuca alikata kadi ndogo, akaziandika kwa mkono wake, upande mmoja tu, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, na akasema hakuna bunduki itakayotoka bila kadi yake. Marehemu alinung'unika, "Cuca, wateja wangu si watoto wa katekisimu," na dada yangu akamjibu, "Basi waambie sikuuliza kwa nini wanaitaka, nimewaomba tu wawe waangalifu." Kadi ilisema hivi: Itoe risasi kabla hujaingia nyumbani. Ifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Mungu akurudishe salama kwa wanaokungoja. Kwa miaka ishirini na saba kadi hizo zilitoka, nyingine ndani ya masanduku, nyingine zimekunjwa na kuwekwa kwenye kitako cha bunduki, chini ya kile kifuniko kidogo cha kuhifadhia vifaa vya kusafishia.

Sasa nafika mahali ambapo Adela aliniambia naweza kuparuka, nami nimekataa kuparuka.

Tarehe 14 Oktoba 2011, wakati wa kuvuna membrillo, mwanangu Gildardo, miaka ishirini na minne, alikuwa akirudi na pikapu iliyojaa matunda, akakutana na watu waliofunga barabara wakipitisha mzigo wao kwenda kaskazini, na hakusimama upesi walivyotaka. Mama yake alikuwa ameshamwekea chakula, na kile chakula kilikaa mezani siku tatu, hakuna aliyethubutu kukiondoa. Siku mbili baada ya kumpiga risasi mwanangu na kumuua, watu wale walipambana na askari, wakakimbia, wakaacha bunduki tatu porini, na polisi mmoja niliyesoma naye shule alifungua kitako cha mojawapo, akakuta kadi, na kwa kuwa aliujua mwandiko ule aliniletea kabla wakubwa wake hawajafika. Dada yangu ndiye aliyenifundisha kusoma, ndugu zangu, kwa mwandiko huo huo, hapa hapa El Membrillal, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunieleza nilichoshika.

Tarehe 9 Novemba 2011 nilivuka, nikaingia dukani kwa marehemu, nikaweka kadi juu ya kaunta, chini ya ule ubao. Aliisoma, akaketi, kisha akasema, "Evaristo, karatasi zote zilikuwa sawa." Ningemsamehe tusi, ningemsamehe hata kunifukuza, lakini maneno yale sikuweza. Nilichukua kadi yangu nikatoka, na tangu siku ile sikumwita tena shemeji.

Cuca hakuandika kadi nyingine. Tarehe 20 Novemba mwaka huo alirudi nyumbani kwetu na sanduku moja, na ingawa marehemu alimpigia simu kila Jumapili saa kumi, naye aliipokea kila mara, mimi nilimsikia akisema tu, "Nipo, Orrin," na "Umekula?" Alifariki tarehe 6 Juni 2016, kwa kiharusi, akazikwa hapa, hatua nne kutoka kwa Gildardo. Siku hiyo marehemu alikuja, akasimama nje ya ukuta, kofia mkononi, kwenye jua la Juni, saa mbili nzima, kwa sababu geti lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mliniona wote. Hakuna aliyeniambia kitu, na ningependa mtu angeniambia.

Duka alilifunga tarehe 30 Aprili 2012. Sitamfanya leo awe mtu ambaye hakuwa, maana mpaka mwisho aliamini kwamba haki ya kumiliki bunduki ni haki, na bunduki yake ya kuwindia paa aliisafisha kila mwezi hata alipokuwa hawezi kuinyanyua. Mwezi Agosti 2021 madaktari walimkuta na ugonjwa wa mapafu, akaanza kuishi na mtungi wa oksijeni, na tarehe 10 Desemba 2023 aliniandikia barua, mistari miwili, kwa Kihispania chake kibovu, akiomba azikwe kando ya Cuca. Hakueleza kwa nini. Niliikunja nikaiweka kwenye droo chini ya vitambaa vya meza, ikakaa humo wiki saba, na kila siku nilijua ipo.

Tarehe 1 Februari Adela alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na maneno yaliyosemwa mahakamani Tucson mwezi Mei 2013, katika kesi ya binti aliyenunua dukani kwa marehemu bunduki nne, ile yenye kadi ikiwa mojawapo, kwa niaba ya watu wengine, na marehemu alikuwa shahidi. Mimi sikuwahi kusikia habari ya kesi hiyo. Adela alinisomea jikoni, akitafsiri taratibu. Mwendesha mashtaka alimwuliza marehemu jambo moja tu, kama fomu zilijazwa ipasavyo, naye akajibu ndiyo, akaambiwa ashuke, na hakushuka. Alisema, "Bado sijamaliza. Binti huyu alishika bunduki kama mtu anayeshika ufagio, na kulikuwa na mwanamume anamngoja kwenye gari, injini inawaka. Nilijua si zake. Sikuuliza kwa nini, maana ningeuliza angedanganya, na mimi ningelazimika kukataa. Mpwa wa mke wangu ameuawa kwa mojawapo. Anaitwa Gildardo Bojórquez, naomba jina lake liandikwe." Jaji alimwambia hajaulizwa hayo, naye akajibu, "Najua, ndiyo maana nayasema."

Kwa maneno hayo chama chake kilimfuta, na marafiki wa miaka arobaini walivuka barabara wakimwona anakuja. Nilimwuliza Adela kwa nini baba yake hakuniambia, hata siku ile nje ya ukuta, na Adela akasema, "Alisema utadhani anakuja kujisafisha, Tío, mjomba wangu."

Nililia, na sioni haya kusema nililia. Kisha niliichukua ile kadi ya Cuca, ambayo nimekaa nayo miaka kumi na miwili, na nyuma yake niliandika jibu langu, nikampa Adela, naye akaondoka asubuhi ya tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria. Ninyi mnaijua foleni ya kwenda kaskazini. Walimfungulia buti, wakamfungulia viti, mbwa akazunguka gari mara mbili, foleni na ukaguzi vikamla muda wa saa nne na dakika ishirini, kutafuta dawa za kulevya kwa mtu aliyebeba kadi moja, na zile bunduki nne zilipokuja huku kusini hakuna aliyezifungulia hata dirisha. Kabla hata hawajaanza kumkagua, marehemu alikata roho, saa saba na dakika arobaini mchana, Adela akiwa bado magari sita kutoka kwenye kizuizi.

Hakulisoma jibu langu. Hilo ni kosa langu, si la foleni, kwa sababu nilikuwa na wiki saba.

Na jana, alipoletwa, askari wa upande wetu walisimamisha gari, wakafungua jeneza, wakapapasa chini ya mto na pembeni mwa miguu wakitafuta silaha. Nilitaka kugomba, kisha nikamfikiria yeye, nikajua angesema, "Waache, Evaristo, wafanye kazi yao," nami nikawaacha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Tucson waliomhudumia marehemu, hasa muuguzi aliyemshika mkono saa ile Adela hakuwepo, namshukuru jirani yake mama Lurleen aliyempelekea supu kila Alhamisi, na bwana Vernon Krebs, mtu pekee wa chama chake ambaye hakuacha kwenda kumtembelea, karibu sana, bwana Vernon, kiti chako ni hapa mbele. Nawashukuru majirani wa El Membrillal mliochimba kaburi hili kwenye ardhi ngumu ya Februari, hali wengi wenu mlimbeba Gildardo kwa mabega hayo hayo. Kufuli la geti nimelitupa mtoni.

Adela amenirudishia kadi, na kabla hatujafunga jeneza nitaiweka kwenye mfuko wa shati lake. Orrin, upande wa mbele ni mwandiko wa mkeo, unaujua, mstari wa mwisho unamwomba Mungu akurudishe salama kwa wanaokungoja. Upande wa nyuma ni wangu, na kwa kuwa nilichelewa nitakusomea: "Njoo, shemeji. Geti liko wazi." Cuca yuko kulia kwako. Gildardo yuko hatua chache mbele, chini ya ule mti mdogo wa membrillo. Mwambie wewe mwenyewe ulichomwambia jaji, na ukishamwambia, mpumzike kwa amani nyote wawili.