Riale Zenye Matundu

Kijiwe chetu kiko barazani pa duka lililofungwa, upande wa sokoni, katika Bagamoyo hii hii iliyokuwa ikipokea pembe za ndovu kutoka bara wakati miji mingine ya pwani imelala. Nasema hivyo makusudi, maana siku hizi kila anayerudi kutoka Dar es Salaam na suruali mpya anatuona washamba. Muuza kahawa ni Mbaruku. Haji tunamwita Redio, kwa kuwa hatujui anazimwa wapi. Gaspari wa Misheni ni Mdachi, kwa sababu zamani alimpikia Mjerumani mmoja, na hadi leo anashika kikombe kidole cha mwisho kikiwa juu. Asubuhi moja ya mwaka hamsini na tatu alikuja Kitwana, fundi wa kuezeka makuti, na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakaa bila kuomba kahawa.

Ndani ya kitambaa mlikuwa na mkufu wa marehemu mama yake: riale saba za fedha, zile zenye sura ya bibi wa Kizungu upande mmoja na ndege wa vichwa viwili upande wa pili. Kila moja imetobolewa juu na kutiwa pete ndogo ya kupitishia mnyororo. Mabibi harusi wote wa nyumba ile wametolewa nje wakiwa wamevaa mkufu huo, na Ijumaa ilikuwa zamu ya Mina, binti yake wa mwisho.

Shida ilianzia nyumba ya wageni, alikofikia Mzungu mmoja anayekusanya sarafu za kale. Kitwana alimpelekea mkufu. Yule bwana akazitazama riale kwa kioo, akazisifu, kisha akazisukuma kando. Zingekuwa nzima, alisema, angetoa fedha ya kutosha kuezekea nyumba bati. Lakini kwa matundu yale atazipima tu kama fedha chakavu.

— Kaniambia zimeharibika, alisema Kitwana. Riale za mama yangu.

Niliona uchungu kama nimetukanwa mimi. Haji akasema jambo hilo dogo, sonara anaweza kuyaziba matundu yasijulikane yalipokuwa. Kumbe Kitwana ameshatoka huko. Sonara amewasha moto anamsubiri, na Mzungu anaondoka na lori baada ya adhuhuri.

— Na Mina? nilimuuliza.

— Mina nitamwazimia mkufu kwa watu. Nyumba inavuja, bwana. Wageni wa harusi nitawaweka wapi?

— Fundi wa makuti nyumba yake inavuja, alisema Mbaruku.

— Naezeka za watu. Yangu nitaezeka lini?

Hapo wazee wakaacha ya paa, wakaanza kuchimba kwa nini Mzungu anaogopa tundu.

— Mambo wazi, alisema Haji. Huyo bibi kwenye riale ni bibi yao mzaa babu. Nyie mmemtoboa utosini. Wewe ungenunua picha ya bibi yako katobolewa utosi?

— Hujui kitu, alisema Gaspari. Mimi mwaka wake nausoma. Elfu moja mia saba na themanini. Geuza hii, themanini. Geuza ile, themanini. Fedha gani inazaliwa yote mwaka mmoja? Hiyo ni alama. Wadachi walizika hazina, na atakayekusanya riale nzima za kutosha ndiye ataonyeshwa mahali.

— Walizika wapi?

— Msata.

— Msata kuna nini cha kumfanya mtu azike hazina?

— Ndiyo maana haijapatikana.

Mbaruku akaweka birika chini. Kwake yeye siri ilikuwa kwenye ndege. Kichwa kimoja kinatazama Unguja, kingine kinatazama bara, na ukitoboa riale unamtia ndege upofu, ramani yote inapotea. Haji akakubali upesi, akaongeza kwamba usiku ndege huyo hugeuza shingo. Mimi nikawaambia waache upuuzi. Riale hizi zimepita forodha yetu kabla babu wa Mzungu yule hajajua Bagamoyo iko upande gani, na leo anakuja kutuambia sisi ndio tumeziharibu.

Pembeni alikuwapo mtu wa Kerege, Majaliwa, aliyeleta nazi sokoni na kutuamkia vizuri alipokaa. Alikuwa amemaliza kikombe chake akitusikiliza.

— Samahanini, mabwana. Hizo nzima, zisizo na tundu, huko kwa Mzungu zinavaliwa vipi?

Redio alizimika, mara ya kwanza tangu nimjue. Tulimtazama Kitwana, maana ndiye aliyefika kwa Mzungu.

— Hazivaliwi, alisema Kitwana taratibu. Sanduku lake nimeliona. Kila moja imelazwa kwenye kishimo chake, kisha anafunga kifuniko.

— Masikini, alisema Majaliwa.

Kitwana aliufungua mkufu, akauweka kiganjani. Kisha akaufunga tena kwenye kitambaa.

— Haji, kamwambie sonara auzime moto wake.

— Na bati?

— Bati la nini, na mimi ndiye fundi wa makuti mji huu? Kesho njooni mnipandishie.

Tulikwenda sote, hata Gaspari na kidole chake, na kabla ya magharibi nyumba ya Kitwana ilikuwa na paa jipya, nene, la kuonyesha watu. Ijumaa tulikaa mbele kabisa. Mlango ulipofunguliwa, riale saba zilianza kugongana huko ndani gizani, na ua mzima ukanyamaza. Mina tulimsikia kabla hatujamwona.